Kompani, serkali na wenyeji: kwa nini washauriane?

Mtu akisimama asubuhi kwenye bandari ya Kindu anaona mambo mengi mara moja. Mitumbwi inavuka Lualaba toka Alunguli, imejaa mihogo, ndizi na kuku. Watu wa baiskeli wanasukuma madumu ya mafuta ya ngazi. Mchele wa Kibombo na wa Kasongo unangoja mzigo wa kusafirishwa. Na nyuma ya duka fulani wanashusha mifuko midogo, lakini mizito ajabu: ndani mna kasiterite, ndiyo mawe yanayotoa bati. Basi mali ipo. Lakini tukiuliza, «Mali hii imejenga nini kinachodumu?», wengi wananyamaza.

Siku hizi watu wanasema sana juu ya mashauri kati ya wafanyabiashara na wakubwa wa serkali, ili inchi zinazoanza kuinuka zikue na ukuzi wao udumu. Maneno hayo yanasemwa katika mikutano mikubwa ya Bulaya na Marekani, hata Kinshasa. Tukiyasikia tunaweza kufikiri kwamba hayatuhusu. Lakini yanatuhusu sana, kwani Maniema imeonja kwa muda wa miaka zaidi ya mia matunda ya mashauri mabaya, na ya kukosa mashauri kabisa. Tueleze basi jambo hilo polepole, tukitazama historia ya kwetu wenyewe.

I. Maneno mawili ya kueleweka kwanza

Neno la kwanza ni «masoko yanayochipuka». Lilianza mwaka 1981. Bwana mmoja Mholanzi, Antoine van Agtmael, aliyefanya kazi katika kundi la Banki ya Dunia, alitaka kuwashawishi wenye mali waweke feza zao katika inchi maskini. Aliona kwamba jina la «Ulimwengu wa Tatu» linawatisha. Akatafuta jina lingine lenye matumaini, na hilo ndilo alilolipata. Tangu siku ile inchi nyingi zimeitwa hivyo. Tuangalie vizuri: jina hilo limetoka kwa mtu anayetafuta pa kuweka feza, halikutoka kwa mtu anayekaa pale. Yeye anaona soko. Sisi tunaona pia shule, shamba, kisima na makaburi ya wazee wetu. Ndiyo sababu mashauri yanahitajiwa, kwani watu wawili wanatazama kitu kimoja, na kila mmoja anaona upande wake.

Neno la pili ni «ukuzi wa kudumu». Lilienea mwaka 1987, wakati tume ya Mataifa yaliyoungana, iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norwe, ilipotoa taarifa yake. Maana yake si ngumu: watu wa leo wapate mahitaji yao, bila kuwanyima watakaozaliwa kesho. Mkulima wa mpunga anaelewa neno hilo kupita wakubwa wengi. Yeye hali mbegu, hata akiwa na njaa. Anajua kwamba akila mbegu leo, mwakani atakula nini?

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mpunga na madini. Mpunga tukiuvuna, tunaupanda tena. Bati na zahabu tukiisha kuvitoa udongoni, havioti tena, na shimo linabaki shimo. Kwa hiyo inchi yenye madini ina njia moja tu ya kukua kwa kudumu: ile feza ya mawe igeuzwe kitu kingine, yaani barabara, umeme, mashamba, ufundi wa vijana. Nani atahakikisha kwamba imegeuzwa? Mfanyabiashara peke yake hawezi, kwani yeye anatafuta faida. Serkali peke yake haiwezi, kwani haina mtambo wala soko. Wenyeji peke yao hawawezi, kwani hawana mtaji. Basi ni lazima hao watatu wakae pamoja.

II. Wakati wawili waliposhauriana, na wa tatu hakuitwa

Mwaka 1902 Dola ya Kongo ya Mfalme Léopold II ilipatana na tajiri mmoja Mbelgiji, Édouard Empain. Ikaanzishwa kompani ya reli ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi tatu: CFL. Kazi yake ilikuwa kuunganisha sehemu za Lualaba ambazo meli haziwezi kupita kwa ajili ya maporomoko. Mwanzoni mwa 1911 njia ya Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, ilikuwa imekwisha. Kindu ikawa mahali pa kukutana: toka kusini reli, toka kaskazini meli za Ubundu. Mji wetu umekua na makubaliano yale.

Mwaka 1932 ikaanzishwa kompani ya Symétain, yenye makao makubwa Kalima. Kompani nyingine zilichimba Punia na Kailo. Tuseme kweli, bila chuki na bila kusifu bure. Kompani zile zilijenga kambi, hospitali, shule na barabara. Karibu na Kalima, kwenye mto Lutshurukuru, walijenga kituo cha umeme kwa nguvu za maji. Mfanyakazi alipata posho yake kila juma. Wazee wengi wanaukumbuka wakati ule kwa kutamani.

Lakini nani alikata shauri? Wakubwa wa kompani na wakubwa wa koloni, na mara nyingi Bruxelles. Wakati wa vita, Wajapani waliposhika bati ya Malaya mwaka 1942, nchi za Ulaya na Marekani zilidai bati na mpira wa Kongo kwa haraka. Mwaka ule serkali ya koloni ikaongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji toka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa. Kompani na serkali walipatana vizuri sana, na mashauri yao yalikuwa na utaratibu. Lakini mashauri ya wawili juu ya mali ya wa tatu, wa tatu akiwa nje ya mlango, hayo siyo mashauri ya haki.

Matokeo yakaonekana baadaye. Mwaka 1976 kompani za bati za Kivu na Maniema ziliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI, na serkali ikawa na sehemu 28 kwa mia. Mambo yote yakategemea bei ya bati. Mwezi wa 10, mwaka 1985, Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa linanunua bati ili bei isishuke, likashindwa kulipa madeni yake. Soko la metali la London likafunga biashara ya bati, na bei ikaanguka karibu nusu. Kalima haikukosea neno. Mawe yalikuwa yale yale na mikono ile ile. Lakini kazi ikapungua, hospitali ikakosa dawa, na watu wakashika majembe na makarai kuchimba wenyewe. Mwaka 1997 SOMINKI ikafa. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60 bati ilikuwa imetoka, na hakuna aliyekuwa amepanga Maniema itaishi na nini siku bati itakapokosa bei. Hilo ndilo kosa kubwa, na walilifanya watu waliokuwa wanashauriana kila mwezi!

III. Wakati kila mmoja alipokata shauri peke yake

Kiisha likaja kosa la upande mwingine. Mali ya SOMINKI ilikuwa imeingia mikononi mwa kompani ya Kanada, Banro, na kompani mpya iliyoitwa SAKIMA ikaanzishwa mwaka 1997. Mwaka 1998, Rais Laurent-Désiré Kabila akaondoa haki zile kwa amri. Kompani ikashitaki, na maneno yakafika mpaka Washington. Vita vikawaka. Ni mwaka 2002 tu walipopatana: SAKIMA na mashimo ya bati vikarudi kwa serkali, na Banro ikashika zahabu, pamoja na ile ya Namoya katika Kabambare. Miaka 4 ikapotea. Kazi ya kuyeyusha zahabu ya Namoya kwa biashara ilitangazwa mwaka 2016 tu, na mwaka 2019 kompani ikasimamisha kazi kwa sababu ya kukosa usalama. Tunaona basi: mapatano yanayovunjwa kwa amri moja yanachukua miaka mingi kutengenezwa tena.

Mfano wa pili tunaukumbuka wengi wetu. Mwezi wa 9, mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alikataza uchimbaji wote wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Nia ilikuwa kuwanyima feza watu wenye bunduki. Nia hiyo hatuilaumu, kwani damu ya watu ni ya zamani kupita bei ya mawe. Lakini wachimbaji, wanunuzi na walimu wa vijijini hawakupewa nafasi ya kusema: «Tutakula nini miezi hii?» Katazo liliondolewa mwezi wa 3, mwaka 2011. Lakini pale pale wanunuzi wakubwa wa ng'ambo, wakiogopa sheria mpya ya Marekani ya mwaka 2010 juu ya madini ya vita, wakakataa mawe yasiyo na alama ya kuonyesha yametoka wapi. Basi mlango mmoja ulifunguliwa, na mwingine ukafungwa.

Tufikiri kidogo juu ya ginsi shauri moja linavyoshuka mpaka jikoni. Ndege ndogo zinazotua Kalima au Punia zinaleta sabuni, chumvi na nguo. Zinarudi na kasiterite. Kama hakuna mzigo wa kurudi nao, rubani haji. Kama haji, sabuni inapanda bei. Kama mchimbaji hana feza, mama auzaye mchele hana mnunuzi. Na kama mama hakuuza, mtoto anafukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Yule aliyetia sahihi mbali hakumwona mtoto yule. Mashauri yanasaidia kwa hilo hasa: yanamfanya mtu wa mbali amwone mtoto yule kabla ya kutia sahihi.

IV. Mifuko yenye alama

Toka shida ile ukatokea mpango ambao unaonyesha ginsi mashauri yanavyoweza kuzaa kitu. Unaitwa iTSCi. Uliundwa na shirika la wafanyabiashara wa bati pamoja na lile la tantali, wakipatana na serkali. Ulianza Katanga mwaka 2011, kiisha ukafika kwetu Maniema. Kazi yake ni hii:

Kwanza, kwenye shimo, mtumishi wa serkali anapima mfuko, anaufunga kwa alama yenye namba, na kuandika uzito katika daftari. Pili, mnunuzi wa kati akiisha kusafisha mawe, mfuko unapimwa tena na kufungwa alama ya pili. Tatu, hesabu za madaftari zinalinganishwa. Kama shimo dogo linaandika tani nyingi kupita nguvu za watu wake, hapo pana udanganyifu. Tena kuna halmashauri za mahali, ambamo watumishi wa serkali, wanunuzi, wachimbaji na mashirika ya raia wanakaa kusikiliza matata: alama zilizoibwa, kodi zisizo na karatasi, askari waliokuja shimoni.

Je, mpango huo ni mzuri kabisa? Hapana. Gharama za alama zinalipwa na biashara, na mwishoni zinashukia bei ya mchimbaji, aliye chini kabisa. Wengine wamelalamika kwamba alama zinauzwa kwa siri. Malalamiko hayo tusiyafiche. Lakini tofauti na mwaka 2010 inaonekana: hapa malalamiko yana mahali pa kupelekwa. Mchimbaji anajua ni meza gani, na siku gani. Hilo ni jambo dogo, lakini kila desturi njema imeanza na jambo dogo.

V. Sheria ya mwaka 2018, na hesabu yake

Mwaka 2018 Bunge lilipogeuza Sheria ya Madini ya mwaka 2002, wakubwa wa kompani walifadhaika. Sheria ya kwanza iliwaahidi kwamba masharti yao hayatageuzwa kwa miaka 10. Ile mpya ilipunguza ahadi hiyo kuwa miaka 5. Tarehe 7 mwezi wa 3 walikuja Kinshasa kumwona Rais, wakasemezana naye saa nyingi. Tarehe 9 Rais akatia sahihi, na sheria haikugeuka. Wengine wanasema: «Basi mazungumzo yalikuwa bure.» Sisi hatuoni hivyo. Kushauriana si kukubaliwa kila neno. Mtu anaweza kusikilizwa vizuri, na bado akaambiwa hapana.

Tena si wao tu waliokuwa na haja. Sheria ile inagusa hata uchifu na sekta zetu. Tufanye hesabu. Tuseme kompani yenye kibali inauza bati ya dola 1 000 000. Kwa metali kama bati, ushuru wa madini ni 3,5 kwa mia, yaani dola 35 000. Feza hizo zinagawanywa hivi: serkali ya Kinshasa, nusu, yaani 17 500, jimbo, robo, yaani 8 750, sekta, uchifu, komini au mji ambamo madini yanatoka, 15 kwa mia, yaani 5 250, na mfuko wa vizazi vijavyo, 10 kwa mia, yaani 3 500. Zamani feza zote zilipita Kinshasa kwanza, na mara nyingi hazikurudi. Sasa sheria inataka jimbo na sekta walipwe fungu lao moja kwa moja.

Kuna fungu lingine tena. Kompani inapaswa kutoa si chini ya 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Katika mfano wetu, dola 3 000. Na kuna «daftari la masharti»: kompani na wenyeji wanaandika pamoja ni kazi gani zitakazofanywa, shule gani, daraja gani, na kwa wakati gani. Hapa, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, sheria yenyewe inamwita yule wa tatu aliyekuwa nje ya mlango.

Lakini tusidanganyike. Kiti kimewekwa, ni nani atakayekikalia? Kama chifu anakwenda peke yake na kurudi na pikipiki, kijiji hakikushauriana. Kama daftari limeandikwa kwa Kifaransa tu, na hakuna aliyelisoma kwa Kiswahili mbele ya watu, kijiji hakikujua kimetia sahihi juu ya nini. Kama mama wauzao sokoni hawakuitwa, watajenga ofisi nzuri mahali palipohitaji kisima.

VI. Mashauri mazuri yanadai nini?

Tukikusanya mafunzo hayo yote, tunaona mambo matano.

Kwanza: kila mmoja aseme wazi anaogopa nini. Mfanyabiashara anaogopa kodi zinazogeuka kila mwezi na mikono mingi njiani. Serkali inaogopa kudanganywa uzito na bei. Mwenyeji anaogopa kubaki na shimo. Hofu hizo zote tatu zina sababu. Hofu isiyosemwa barzani inasemwa usiku kwa rushwa au kwa jiwe.

Pili: hesabu ziwe wazi. Kongo imeingia katika mpango wa ITIE, ambamo kompani zinatangaza zimelipa nini, na serkali inatangaza imepokea nini; mwaka 2014 ilikubaliwa kuwa imetimiza masharti yake. Hesabu hizo zipo. Lakini ni wangapi kati yetu, wenye kusoma, tuliozitafuta na kuwaeleza wazee wetu?

Tatu: neno liandikwe, na liheshimiwe. Bila hilo hakuna mwenye mtaji wa kweli atakayekuja. Watakuja wale tu wanaotaka kuchukua haraka na kukimbia.

Nne: wadogo waitwe. Tukisema wafanyabiashara, tusiwaze kompani tu. Mtu wa baiskeli anayeleta mafuta ya ngazi Kindu ni mfanyabiashara. Mama wa mchele ni mfanyabiashara. Ushuru wa njiani unawaumiza kupita kompani, kwani kompani ina mwanasheria, nao hawana.

Tano: kesho ipangwe leo. Wakati bati ina bei, ndipo pa kutengeneza barabara za mpunga, umeme na reli. Siku bei itakapoanguka, kama mwaka 1985, hakutakuwa tena na feza ya kufanyia shauri.

Wengine watatuambia: «Haya ni maneno ya wakubwa, ninyi wanafunzi yanawahusu nini?» Tunajibu hivi. Wengi wetu tutarudi Pangi, Punia, Kabambare au Lubutu. Huko watu watatuletea karatasi na kuuliza: «Soma, inasema nini?» Siku ile tutakuwa ndani ya mashauri, tukitaka au tusitake. Tukiwa tunajua tofauti ya 15 kwa mia na 0,3 kwa mia, tutakisaidia kijiji. Tukiwa hatujui, tutasaidia yule mwenye kalamu nzuri tu.

Wazee wamesema: kidole kimoja hakivunji chawa. Kompani ni kidole, serkali ni kidole, wenyeji ni kidole. Kwa muda mrefu vidole hivyo vimechomana. Tujifunze kuvikunja pamoja. Na tuanze kwa kusoma yale yaliyokwisha kuandikwa kwa jina letu.